Mizani ya Watoto wa Kwemgoto

Safari hii ilianza kwa simu. Kazi yangu hapa Korogwe ni kutengeneza mizani: za maduka, za mashine za kusaga, za wanunuzi wa machungwa na mahindi. Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimeifungua mizani ya bucha, springi yake iko mezani, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kijana, na nyuma yake nilisikia watoto wengi wakiimba.

"Shikamoo, Fundi. Naitwa Mwalimu Joyce, niko Kwemgoto, juu ya Vuga. Namba yako nimepewa na mwenye mashine ya kusaga hapa kwetu."

"Marahaba, Mwalimu. Nikusaidie nini?"

"Naomba uje uipime mizani yangu. Wazazi wanasema inapunja."

"Unauza nini, Mwalimu?"

"Siuzi kitu, Fundi. Napima watoto."

Akanieleza. Anaendesha kituo cha watoto wadogo, wale ambao hawajafikia umri wa kuanza shule. Wazazi huchanga unga, watoto hupata uji asubuhi, hujifunza nyimbo, rangi na kunawa mikono. Kila mwezi huwapima uzito pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, na matokeo huandikwa kwenye kadi ya kliniki ya kila mtoto. Tangu masika, mtoto mmoja, Upendo, anayekaribia miaka minne, alikuwa akipungua kila anapopimwa. Mwalimu alimwomba baba yake ampeleke hospitali. Baba akajibu kwamba yeye ameuza kabeji maisha yake yote, mizani anazijua, na hiyo ya kituoni ni ya wizi kama ya madalali. Akamtoa mtoto kituoni. Wazazi wengine waliendelea kuleta watoto wao, ila siku ya kupima kituo kilikuwa kitupu.

"Mimi nataka kitu kimoja," Mwalimu Joyce akasema. "Upendo aonwe na daktari. Mengine yatafuata."

Nilimwambia mimi si mkaguzi wa serikali, siwezi kubandika muhuri. Akasema hahitaji muhuri, anahitaji mtu asiyeishi Kwemgoto. Nayaandika haya kwa ajili ya wazazi wa hapa kwetu wenye watoto katika vituo kama hicho, kwa kuwa wengi wameniuliza nilikwenda kufanya nini milimani, na kwa nini nilikwenda mara mbili.

Siku ya kuondoka nilifunga mawe ya mizani katika vitambaa, nikayapanga chini ya mkoba, juu nikaweka bisibisi, koleo, mafuta na sweta langu la pekee. Kijana wa kupakia mizigo kwenye basi aliuinua mkoba, akaurudisha chini, akanitazama.

"Mzee, humu kuna nini?"

"Mawe."

"Unapeleka mawe Usambara? Huko si yapo bure?"

Abiria wakacheka, nami nikacheka. Mkoba nikaupakata mwenyewe mpaka Mombo.

Mombo ni mahali pa kuagana na joto. Nilikunywa chai ya rangi kando ya barabara kuu, kisha nikapata nafasi mbele kwenye lori dogo lililokuwa limeshusha karoti na sasa linapanda na mifuko ya mbolea. Barabara ya kwenda Soni hupanda ikijipinda pamoja na mto, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kila kona dereva alipiga honi, na kila baada ya kona chache hewa ilibadilika. Tulianza na mkonge na vumbi, tukaingia kwenye migomba, kisha mikaratusi, na tulipoisikia sauti ya maporomoko ya Soni nilikuwa nimekwisha kuvaa sweta. Dereva alikuwa amevaa shati tu. "Hii si baridi, mzee," akanipa moyo. "Baridi iko huko unakokwenda."

Soni nilikuta ni siku ya gulio. Sikuweza kupita bila kutazama mizani, ni ugonjwa wa kazi. Dalali mmoja alikuwa ameitundika mizani ya ndoano kwenye mti wa mlalo, magunia ya viazi yanapandishwa moja moja. Aliangalia uso wa mizani kwa muda mfupi kuliko ninavyohitaji mimi kusoma saa. "Toa kilo ya gunia," akasema kila mara, na mkulima kila mara akalalamika kwamba gunia haliwezi kufika kilo, na kila mara ikatolewa. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alisema bila kunigeukia, "Gunia lake huwa zito kuliko viazi vyangu." Nilielewa ni watu wa namna gani ninaokwenda kuwaeleza kuhusu mizani.

Kutoka Soni nilichukua pikipiki kuelekea Vuga. Huko ndiko zamani walikokaa watawala wa nchi hii ya Usambara. Leo nilichokiona ni mashamba: makinga maji yaliyopangwa kama ngazi mpaka kwenye kilele, kabeji, maharage, mahindi yaliyokwisha kukauka, nyumba za matofali zenye bati, na msalaba wa kanisa juu ya kilima. Barabara ikaishia kwenye utelezi. Mwenye pikipiki akazima injini, akasema kwa heshima kwamba kuanzia hapo miguu ni salama zaidi.

Hapo kwenye utelezi nilikuwa nikingojewa na mwanamke mnene, mchangamfu, kitenge kichwani na mabuti ya mvua miguuni. Alikuwa Mama Tumaini, mpishi wa uji wa kituo, ambaye kwake ndiko nilikopangiwa kulala.

"Shikamoo, Fundi. Lete huo mkoba."

"Marahaba. Ni mzito, mama."

Akautia kichwani kama vile nimempa kikapu cha mayai. "Mzito ni kabeji," akasema, na tukapanda. Njiani nilisimama mara kadhaa nikijifanya natazama mandhari. Yeye alisimama pia, akanionyesha milima kwa majina, kwa ustaarabu wa kutosha kunifanya niamini kwamba hajatambua.

Adhuhuri nilifika kituoni. Ni chumba kimoja kirefu kilichotolewa na kanisa la Kilutheri, sakafu ya saruji, mikeka, herufi zilizochorwa ukutani kwa rangi zilizobaki kutoka kazi nyingine. Nje kulikuwa na ndoo yenye koki juu ya stuli, na watoto wamepanga foleni kunawa. Aliyenawa haraka alirudishwa mwisho wa foleni na wenzake, wala si mwalimu. Waliponiona waliimba salamu yote kwa pamoja, "Shikamoo mgeni!", nami nikaitikia mara nne kwa sababu walirudia mara nne.

Mwalimu Joyce ni mwembamba, mzaliwa wa Tanga, aliyekuja milimani kwa kazi na kuolewa hukohuko. Alinipa kikombe cha uji kabla ya maneno mengine. Ulikuwa wa mahindi na soya, mzito, wa moto. Watoto kila mmoja alikuwa na kikombe chake chenye alama: samaki, nyota, jembe. Kikombe kimoja chenye ua kilikuwa kimefunikwa juu ya rafu. Sikuuliza ni cha nani.

Alasiri, watoto walipokwisha kwenda, tulianza kazi. Mizani ilikuwa ya saa, ya kuning'iniza, ile wanayoijua wazazi wote: duara lenye mshale, ndoano chini, na kwenye ndoano hutundikwa kaptula ya kitambaa ambayo mtoto huvishwa akabaki anabembea. Niliishusha, nikaifuta, nikaitundika tena kwenye boriti. Nikaweka jiwe moja, mawili, nikapanda mpaka uzito wa mtoto mkubwa, nikashuka. Mshale ulisema kweli kila mara. Springi ilikuwa nzima kabisa.

"Haina neno," nikamwambia.

Mwalimu Joyce akashusha pumzi. "Nilijua. Asante Mungu."

"Sasa nipe kaptula."

Akaniletea. Nilipoipokea mkono wangu ulishuka. Ile kaptula ya kiwandani ilikuwa imechanika zamani, na akina mama wa kanisa, kwa upendo wote, walikuwa wameshona nyingine kwa turubai la lori, mishono miwili miwili, juu wakaitia kijiti kinene cha mkaratusi na vikuku vya chuma. Hakuna mtoto ambaye angeanguka humo, hata angekuwa ndama. Niliitundika peke yake. Mshale ukapanda, ukasimama karibu na nusu kilo.

Tulitazamana.

"Kabla ya kumvisha mtoto, huwa mnarudisha mshale kwenye sifuri?" nikauliza.

"Huwa tunautazama kabla hatujatundika chochote. Unakuwa kwenye sifuri." Akaigusa turubai. "Hata tangu tushone hii hatukubadilisha."

"Basi kila mtoto mmempima pamoja na kaptula yake."

Akakaa kwenye mkeka. Alielewa haraka. Mizani haikuwapunja watoto hata kidogo. Iliwaongezea. Upendo, ambaye kadi yake ilisema ana kilo kumi na moja na nusu, alikuwa na kumi na moja tu.

"Fundi," akasema, "si kuna skrubu ya kurekebisha?"

"Ipo. Ni kazi ya dakika moja."

"Irekebishe basi. Kesho tuwaambie imepimwa na iko sawa. Itakuwa kweli. Nikisimama mbele yao niseme tulikosea, Baba Upendo atasema 'sikuwaambia?', na kituo kimekwisha."

Hofu yake ilikuwa na sababu. Nilizungusha jiwe mkononi, nikajaribu kuiona kesho yake kama atakavyoiona mzazi.

"Mwalimu, nikiirekebisha kimyakimya, mtakapopima kesho watoto wote wa Kwemgoto watakuwa wamepungua nusu kilo kwa mara moja. Na hiyo utaielezaje?"

Akanitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Watanichoma na kituo."

"Waambie kabla hatujagusa skrubu. Waache waone wenyewe."

"Na wakinizomea?"

Nikaiacha skrubu kama ilivyo, nikaanza kuyafunga mawe katika vitambaa.

Jioni kwa Mama Tumaini tulikula bada, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya majani. Mume wake aliniuliza habari za Korogwe, watoto wakaongea Kishambaa na kugeukia Kiswahili kila waliponikumbuka. Nililala chini ya mablanketi mawili, na la tatu likaletwa bila mimi kuomba.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, kanisa halikuonekana kutoka kituoni ingawa liko hatua chache. Habari za fundi wa mizani kutoka Korogwe zilikuwa zimezunguka, na wazazi walikuja wengi kuliko siku yoyote ya kupima. Mwalimu alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza, mtu akatokea kwenye ukungu na mfuko begani. Mrefu, kofia ya sufu, mabuti yenye udongo mbichi. Nyuma yake alikuwa mke wake na mtoto mchanga mgongoni, na kati yao, ameshika kanga ya mama yake, msichana mdogo mwenye macho makubwa.

Alikuja moja kwa moja mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni Baba Upendo. Nimekuja kugombana."

"Karibu," nikamwambia. "Tugombane."

Akaushusha mfuko. Ulikuwa sembe ya kiwandani, kilo kumi, haujafunguliwa. Akaugeuza ili kila mtu aone mshono. "Huu nimeununua jana Soni. Umefungwa na mashine. Hapa hapana dalali. Tuutie kwenye hiyo mizani yao."

Mwalimu Joyce alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akauchukua mfuko yeye mwenyewe, akaupenyeza kwenye kaptula ya turubai, akautundika. Mshale ulitetemeka, ukatulia. Baba Upendo alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kumi," akasoma, "na… karibu nusu." Akageuka kwa wazazi, mikono juu. "Mnaona? Mbovu! Nilisema au sikusema?"

Minong'ono ikaanza, wakahamia Kishambaa, nami nikabaki nikisoma nyuso. Kisha sauti ya Mama Tumaini ikatoka jikoni, kwa Kiswahili ili nami nifaidike:

"Baba Upendo, hebu subiri. Sembe ya kumi imekuwa kumi na nusu?"

"Ndiyo. Mbovu."

"Inazidisha?"

"Inazidisha."

"Basi nionyeshe dalali anayezidisha, nimpelekee viazi vyangu vyote leo hii!"

Kicheko kilipasuka. Hata yeye alitabasamu kidogo, akajizuia. Niliona macho yake yakishuka kutoka kwenye mshale, kwenye ndoano, kwenye kijiti, kwenye turubai. Akautoa mfuko wa sembe, akaiacha kaptula ikining'inia tupu.

"Hii haijakatwa kwenye kilo," akasema.

"Bado haijakatwa," Mwalimu Joyce akasema. Akawageukia wazazi. "Jana ndipo tulipoligundua, mimi na Fundi. Tuliwapima watoto pamoja na kaptula. Kosa ni letu, nawaomba radhi wazazi. Nilitaka kuwaambia asubuhi hii, mkanitangulia."

"Mimi dalali hunikata gunia kila siku ya gulio," Baba Upendo akasema, "hata gunia lisipofika. Ninyi mna turubai la lori na hamkati?"

Watu walitaka kucheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa amemgeukia mwalimu.

"Upendo alikuwa na ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

"Toa kaptula."

"Kumi na moja."

Msichana alikuwa amekiona kile kikombe chenye ua juu ya rafu, akikitazama. Baba yake alimtazama yeye. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa kumtazama kama anavyotazama zao lake: mabega, mikono, vifundo vya miguu ndani ya mabuti.

"Nilikuja kudai kilo zirudishwe," akasema polepole. "Kumbe nimekuja kuzipunguza."

Mama Upendo akasogea mbele. "Kesho mimi nampeleka hospitali. Wewe baki na kabeji zako, gari linakuja."

"Gari litapakiwa na kaka yangu."

"Si ulisema akipakia yeye unaibiwa?"

"Naibiwa," akasema. "Lakini huko hospitali wewe utasoma mizani?"

Mama Tumaini alicheka mpaka akaegemea ukuta, na wazazi wengine wote pamoja naye, na katika kicheko hicho nikapanda stuli, nikazungusha skrubu mbele yao mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri na kaptula ikiwa inaning'inia. Wakapanga foleni. Kila mtoto alipopandishwa, mzazi alisoma mwenyewe kwa sauti, na mhudumu wa afya akaandika kwenye kadi, kando ya uzito akaeleza kwa maneno kwamba vipimo vya nyuma vilikuwa pamoja na kaptula. Kikombe chenye ua kilishushwa, kikajazwa.

Siku iliyofuata nilishuka pamoja na familia hiyo, kwa kuwa walikuwa wanakwenda hospitali upande wa Bumbuli na mimi sikuwa na haraka. Tulipanda pikapu ya jirani, Mama Upendo na watoto mbele, mimi na Baba Upendo nyuma kati ya matenga ya nyanya. Njia nzima alinionyesha mashamba: huyu amechelewa kunyunyiza dawa, huyu karoti zake zitapasuka. Tulipopita kwenye chai akanyamaza. "Chai siijui," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Mzee, kilo kumi na moja kwa umri wake ni mbaya sana?"

"Sijui watoto. Najua mizani tu."

"Haya," akasema. "Tuwaulize wanaojua."

Hospitali tulikuta foleni, ikasogea. Muuguzi mmoja mwenye miwani alimvua Upendo mabuti, akamsimamisha kwenye mizani ya umeme ya sakafuni. "Kumi na moja kamili."

Baba Upendo alinitupia jicho, kisha akamwinamia muuguzi. "Nesi, samahani. Umekata kaptula?"

"Kaptula gani, baba? Mtoto amesimama."

Niligeukia ukuta kwa muda.

Daktari alikuwa kijana, mtaratibu. Alimpima, akachukua damu na choo, akatungojesha. Majibu: minyoo, na damu imepungua. Alisema wamekuja wakati ambapo dawa na chakula vinatosha, hahitaji kulazwa, ila wangechelewa miezi mingine hali ingekuwa nyingine. Kisha akauliza anakula nini, na lini, na anakula na nani. Swali la mwisho lilinishangaza.

Mama Upendo akajibu kwamba anakula na binamu zake wakubwa, sinia moja, kama watoto wote wa nyumbani. "Ila yeye ni mpole kula. Anatafuna tonge moja, wenzake wamefika katikati. Nilikuwa nikimwekea pembeni. Tangu huyu mdogo azaliwe sikupata nafasi."

"Na kule kituoni?"

"Kule ana kikombe chake."

Baba Upendo alivua kofia yake ya sufu, akaishika mikononi.

"Mpatieni sahani yake," daktari akaendelea. "Maharage, yai mkipata, dagaa, karoti, mboga. Mnalima nini?"

"Karoti," Baba Upendo akasema. "Maharage. Kabeji."

"Mnakula?"

Mke na mume wakatazamana. "Tunakula zilizokataliwa na dalali," mke akasema.

"Chagueni kwanza za nyumbani. Dalali achukue zinazobaki."

"Hilo," Baba Upendo akasema, "nitalifanya kwa furaha."

Mchana tuliagana kituo cha magari. Alitaka kunilipia nauli, nikakataa, akanilazimisha nipokee mfuko wa sembe, ule ule, aliokuwa ameupakia kwenye pikapu, nikashindwa kukataa mara ya pili. Nilirudi kupitia Soni nikiwa na mawe ya mizani na kilo kumi za unga juu yake. Mombo joto lilinipokea kwa mikono miwili. Nilivua sweta, nikanywa chai, na nilipokuwa nikisubiri basi la Korogwe nilijaribu kupanga kichwani kile nilichojifunza.

Nimezoea kufikiri kwamba kazi yangu inakwisha mshale unaposimama mahali pake. Mizani ya Kwemgoto ingerekebishwa kwa dakika moja bila shahidi, ingekuwa sahihi, na mtoto angebaki nyumbani akipungua. Mzazi hakuzikubali kilo kumi na moja mpaka aliposhika kaptula kwa mkono wake na kuikata kwenye hesabu mwenyewe. Wenye vituo hapa kwetu huandika uzito, huwarudishia wazazi kadi, na hushangaa kwamba hakuna kinachofanyika nyumbani. Nadhani tuwaachie mizani mikononi kwanza, wailete sembe yao, waitilie shaka wapendavyo. Na tuwaulize lile swali la daktari: mtoto anakula na nani. Mimi nimelea watoto wanne kwenye sinia moja na sikuwahi kujiuliza.

Mwezi wa tisa nilipanda tena. Nilikuwa nimeahidi kuwashonea kaptula nyepesi kwa fundi cherehani wa hapa Korogwe, na nilitaka kuipeleka mwenyewe. Jua lilikuwa limerudi milimani, njia imekauka, na pikipiki ilinifikisha mpaka mlangoni mwa kituo. Ilikuwa siku ya kupima. Nilikuta wazazi wamejaa, na aliyesimama kando ya mizani akisoma namba kwa sauti kubwa alikuwa Baba Upendo. Mama Tumaini amempa jina la Dalali wa Watoto, na ameshalizoea.

"Shikamoo, mzee. Umechelewa, tumefika nusu."

"Marahaba. Endelea."

Niliitundika kaptula mpya, nikarekebisha skrubu, akahakikisha sifuri mara mbili, akanigeuzia mgongo na kuita, "Upendo!"

Msichana alikuja mbio. Mashavu yalikuwa yameanza kupata umbo. Mama yake alikwisha kumnyanyua, tayari kumvisha kaptula, lakini baba akainua mkono. Akapiga magoti, akamvua buti la kulia, akamvua la kushoto. Akamvua sweta. Akapapasa mfuko wa gauni, akatoa karoti iliyotafunwa nusu, akaiweka juu ya meza. Ndipo akaruhusu.

Mshale ulitulia. Alisogeza pua mpaka kwenye kioo, kama kawaida yake, akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba.

"Kumi na mbili," akasoma, "na robo."

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu Joyce aliinamia kadi akaandika, na kalamu yake ilichukua muda.

"Ungemwachia sweta," Mama Upendo akasema, akijifuta macho kwa pembe ya kanga, "angefika na nusu."

"Sweta halikui," akajibu mumewe. Akamteremsha mtoto, akamrudishia karoti yake, na kuita anayefuata.